Tuwafundishe Watoto Ukweli, Tuzidhibiti Bunduki



Hospitali kuu ya Kisumu, ambayo leo ina jina la Jaramogi Oginga Odinga, wazee wetu bado huiita Rasia. Huiita hivyo kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Sovieti katika miaka ya mwanzo ya Uhuru. Watoto wengi wa pwani hii ya ziwa wamezaliwa humo, na wagonjwa wengi wametoka humo wakimshukuru Mungu. Lakini mwulize mwanafunzi wa sekondari wa Kisumu, Siaya au Homa Bay ni jambo gani lililotukia siku ile hospitali ilipofunguliwa, na mara nyingi atakutazama bila jibu. Kosa si lake. Hakufundishwa.

Katika toleo hili tunataka kunena juu ya mambo mawili ambayo wengi hudhani hayahusiani: mafunzo ya historia katika shule zetu, na udhibiti wa bunduki katika nchi yetu. Sisi tunaamini kwamba ni jambo moja. Taifa lisiloandika ni nani aliyefyatua risasi, kwa amri ya nani, na nani aliyeanguka, haliwezi kuizuia risasi ya kesho. Wala haliwezi kumweleza mtoto wake ukweli wa jana.

Tuanze na siku yenyewe. Jumamosi tarehe 25 Oktoba 1969, Rais Jomo Kenyatta alikuja Kisumu kuifungua hospitali hiyo rasmi. Nchi ilikuwa na majonzi na hasira. Tarehe 5 Julai mwaka ule ule, Tom Mboya, mwana wa Kisiwa cha Rusinga aliyekuwa Waziri na Katibu Mkuu wa KANU, alikuwa ameuawa kwa bastola mchana kweupe katikati ya jiji la Nairobi. Jaramogi, aliyejiuzulu umakamu wa Rais mwaka 1966, alikuwa kiongozi wa chama cha upinzani cha KPU, na uchaguzi mkuu ulikuwa unakaribia. Umati ulimlaki Rais kwa kelele za upinzani. Rais alijibu kwa maneno makali na vitisho vya hadharani, Jaramogi mwenyewe akiwa pale pale. Vurugu zikazuka, mawe yakarushwa, na msafara wa Rais ulipokuwa ukiondoka, walinzi na polisi wakaufyatulia umati risasi. Miongoni mwa walioanguka walikuwamo watoto.

Serikali ilisema waliokufa walikuwa 11. Watu waliokuwapo wamekuwa wakisema, tangu siku hiyo hadi leo, kwamba waliokufa walikuwa wengi zaidi ya hapo. Tunajua lililofuata: Jaramogi na viongozi wenzake waliwekwa kizuizini, na tarehe 30 Oktoba, siku tano tu baada ya risasi za Kisumu, KPU kilipigwa marufuku. Tangu hapo Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa vitendo, na mwaka 1982 ikawa hivyo kwa sheria, hata Kifungu cha 2A kilipofutwa mnamo Desemba 1991.

Kwa hiyo, ninyi mliopigania vyama vingi, na ninyi vijana mliozikuta haki hizi zimekwisha kupatikana, fahamuni kwamba safari ile ya miaka 22 ya chama kimoja ilianzia hapa, kwenye lango la hospitali yetu. Watu waliokufa siku ile si wa Kisumu peke yao. Ni sehemu ya historia ya kila Mkenya ambaye leo hupiga kura akichagua kati ya chama na chama.

Sasa tutazame darasa. Katika vitabu vingi vya shule ambavyo vizazi vya mfumo wa 8-4-4 vimesomea tangu mwaka 1985, mwanafunzi hukariri kwamba KPU kiliundwa mwaka 1966 na kupigwa marufuku mwaka 1969. Hujifunza sababu za kuundwa kwake na sababu za kuanguka kwake, moja mpaka tano, kwa ajili ya mtihani. Kisumu, ikitajwa, hutajwa kwa sentensi moja, nayo huitwa ghasia. Neno hilo lina kazi yake: ghasia hazina mfyatuaji wala mtoa amri, hutokea tu, kama mvua. Na katika mtaala mpya unaochukua mahali pa 8-4-4, Historia na Uraia ni somo la hiari katika sekondari pevu, kiasi kwamba mwanafunzi aweza kumaliza masomo yake bila kulisoma.

Wako wanaotuambia kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wengine wanasema kuwafundisha watoto mambo haya ni kuwapandikizia chuki za kikabila. Hoja hii ya pili haifai kudharauliwa. Jirani zetu wa Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, waliyasimamisha mafunzo ya historia ya nchi yao shuleni kwa miaka kadhaa, kwa sababu historia iliyofundishwa kabla ya hapo ilikuwa imewalisha watoto sumu. Historia mbaya huua. Lakini historia mbaya haiponywi kwa kimya. Hapa Nyanza kimya cha shule hakijawahi kuwa kimya cha nyumba: baba humweleza mwanawe, bibi humweleza mjukuu, na kila anayesimulia huongeza hasira yake na kupunguza kosa lake. Mahali ambapo mwalimu amekatazwa kusema, mchochezi ndiye anayekuwa mwalimu.

Ndugu zetu waumini wanao mfano ulio bora kuliko wote. Maandiko Matakatifu hayamfichi mfalme Daudi. Kitabu kile kile kinachomtukuza kama mteule wa Mungu kinatueleza pia kwamba alimtwaa mke wa Uria, kisha akamweka Uria penye vita vikali ili auawe. Na kwamba nabii Nathani alimwendea akamwambia uso kwa uso. Hakuna mwandishi aliyesema kwamba habari hiyo ifutwe kwa ajili ya umoja wa Israeli. Ikiwa neno la Mungu halikuogopa kuandika dhambi ya mfalme, sisi tunaogopa nini kuandika makosa ya marais?

Lakini mfano huo una makali pande zote mbili. Historia ya kweli haitatuhurumia sisi pia. Itaandika kwamba mwaka 1969 mawe yalirushwa. Itaandika kwamba baada ya tarehe 30 Desemba 2007, hapa Kisumu, maduka yalivunjwa na kuporwa, nyumba zikachomwa, na majirani tuliokuwa tukiuziana nao sokoni na kusali nao kanisani wakafukuzwa kwa sababu ya kabila lao. Tume ya Jaji Philip Waki iliyaandika hayo mwaka 2008. Mtu anayetaka mauaji ya 1969 yafundishwe lakini yale ya majirani zetu yafichwe hatafuti historia. Anatafuta silaha nyingine. Sisi tunataka yote mawili yafundishwe, tena katika darasa moja.

Na mwalimu afundishe vipi jambo ambalo watu hawajakubaliana juu yake? Afundishe hivyo hivyo, akionyesha kutokubaliana kwenyewe. Awaambie wanafunzi: serikali ilisema 11, walioshuhudia walisema zaidi, kwa nini hesabu zatofautiana? Nani angepaswa kuhesabu? Orodha ya majina iko wapi? Mtoto anayejifunza kuuliza maswali hayo hajifunzi chuki. Anajifunza uraia.

Hapa ndipo tunapofikia bunduki. Kwa maana maswali hayo matatu, nani alihesabu, nani alifyatua, orodha iko wapi, ndiyo yale yale tunayouliza kila baada ya uchaguzi na kila baada ya maandamano.

Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na kati yao 405 waliuawa kwa risasi. Ilipokea ushahidi kwamba wengi wa waliopigwa risasi hapa Kisumu walipigwa kutoka nyuma. Mnamo Januari 2008, huko Kondele, kamera ya televisheni ilinasa picha za askari akiwafyatulia risasi vijana wasio na silaha, na nchi nzima ikaziona. Askari mmoja alishtakiwa kwa mauaji ya vijana wawili. Juni 2010 Mahakama Kuu ilimwachilia, kwa sababu namba ya bunduki iliyopimwa na mtaalamu wa silaha haikulingana na namba ya bunduki aliyokuwa amekabidhiwa. Hatusemi kwamba alikuwa na hatia. Hiyo ni kazi ya mahakama. Twasema hivi: wazazi waliopoteza watoto walikosa jibu kwa sababu ya namba katika daftari.

Mwezi Agosti 2017, baada ya uchaguzi mwingine, polisi waliingia katika nyumba za watu usiku mtaani Nyalenda, na mtoto wa miezi sita akapigwa na kufa. Yeye hakuuawa kwa risasi bali kwa rungu. Mwaka 2019 hakimu wa Kisumu, baada ya uchunguzi wa wazi mahakamani, aliona kwamba makamanda wa polisi walihusika. Na mwaka 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma aliidhinisha maafisa 12 washtakiwe kwa makosa dhidi ya ubinadamu. Ilichukua miaka mitano kutoka kaburini hadi kwenye uamuzi huo. Kisha tarehe 20 Machi 2023, katika siku ya maandamano, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Maseno akapigwa risasi na kufa.

Mtu asiyeijua 1969 huyaona mambo haya kuwa ajali zilizotawanyika. Anayeijua huona mstari ulionyooka.

Je, nchi yetu haina sheria? Inazo. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, humkataza raia kumiliki bunduki bila cheti, na humpa mtoaji wa cheti uwezo wa kumnyima mtu mlevi, mwenye akili isiyo timamu, au asiyefaa kwa sababu nyingine. Katiba yetu ya 2010, tofauti na ile ya Marekani, haimpi mtu yeyote haki ya kubeba bunduki; inampa kila mtu haki ya kuishi. Tunaishukuru Katiba hiyo kwa hekima yake.

Nayo Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya mwaka 2011, katika Jedwali lake la Sita, inasema mambo ambayo kila mwanaharakati na kila mzee wa kanisa yafaa ayajue. Askari atumie kwanza njia zisizo za nguvu. Bunduki ni ya kuokoa maisha, yake au ya mwenzake, penye hatari ya kweli, wala si ya kutawanya watu wanaoimba barabarani. Kila anayefyatua ni lazima amwarifu mkubwa wake, na ikiwa mtu amekufa au kuumia vibaya, ni lazima habari ifike kwa Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendakazi wa Polisi, yaani IPOA. Askari aliyevaa sare ni lazima awe na jina au namba inayoonekana. Aliyeumizwa apewe matibabu na jamaa zake waarifiwe. Na neno zito kuliko yote: kusema kwamba nilitumwa na mkubwa wangu si udhuru wa kutumia nguvu kinyume cha sheria.

Kilichopungua, basi, si maandishi ya Bunge. Kilichopungua ni daftari la ghala la silaha: nani alichukua bunduki gani asubuhi, akiwa na risasi ngapi, na jioni alirudisha ngapi. Sheria yenyewe inadai utaratibu wa namna hiyo. Kama daftari hilo lingeandikwa kwa uaminifu katika kila kituo, na kufunguliwa kwa wachunguzi siku ile ile mtu anapokufa, udhuru mwingi ungekwisha. Risasi iliyotoka kwenye ghala la serikali ni mali ya umma kama vile shilingi iliyotoka kwenye Hazina. Tunamdai karani hesabu ya shilingi. Kwa nini tusimdai kamanda hesabu ya risasi?

Tusieleweke vibaya. Hatudai polisi wanyang'anywe silaha. Tunao maaskari wanaokabiliana na wezi wa mifugo na magaidi, na wengi wao wamekufa wakiwa kazini. Wavuvi wetu wa Dunga, Usenge, Mbita na Muhuru wanajua uchungu wa kuvamiwa na majambazi wenye bunduki majini na kunyang'anywa injini na nyavu. Wale wa Migingo wameishi na mgogoro wa maaskari wa nchi mbili tangu miaka ya 2008 na 2009. Hao wanahitaji ulinzi. Lakini ulinzi si kila mwenye mashua kutafuta bunduki yake mwenyewe kwa siri, kwa maana bunduki iliyonunuliwa kwa ajili ya jambazi wa Jumatatu humwua shemeji siku ya Jumamosi penye ugomvi wa pombe. Ziwa ni moja na mipaka ya majini haina ukuta. Ndiyo sababu mwaka 2004 serikali za eneo hili zilitia sahihi Itifaki ya Nairobi juu ya silaha ndogo ndogo, zikiahidi kutia alama bunduki, kutunza kumbukumbu zake na kushirikiana. Mnamo Novemba 2016 serikali yetu ilichoma bunduki haramu zaidi ya 5,000 huko Ngong. Moto ule ulikuwa mwema. Lakini kuchoma bunduki za wezi ni nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kuzihesabu zile zilizo halali.

Tena ziko bunduki za wakubwa. Desemba 2018 serikali iliamuru raia wote wenye vyeti vya bunduki wachunguzwe upya, jambo lililokuwa kukiri kwamba vyeti vilikuwa vimefika mikononi mwa wasiostahili. Maoni yetu ni kwamba uchunguzi wa namna hiyo usiwe wa msimu. Uwe wa kila cheti kinapohuishwa. Na mtu anayegombea kiti chochote, awe wa chama tunachokipenda au tusichokipenda, asiende na bastola kwenye mkutano wa hadhara, wala asizungukwe na vijana wenye silaha. Tulipokuwa tukidai vyama vingi hatukudai kila chama kiwe na bunduki zake.

Basi tufanye nini? Rais Uhuru Kenyatta, tarehe 26 Machi 2015, aliomba radhi Bungeni kwa niaba ya serikali zilizopita na akatangaza hazina ya shilingi bilioni 10 kwa ajili ya walioumizwa. Ripoti ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, aliyokabidhiwa mwezi Mei 2013, inayaeleza mauaji ya Kisumu. Radhi ni jambo jema, lakini radhi isiyo na majina ni kama matanga yasiyo na marehemu.

Kazi ya kwanza ni ya makanisa. Makanisa yetu huandika vitabu vya maziko. Mapadri, wachungaji na makatibu wa parokia wavifungue vitabu vya Oktoba na Novemba 1969, wavisome ukurasa kwa ukurasa, na kwa idhini ya jamaa waandike majina ya waliozikwa kwa jeraha la risasi. Hii si siasa. Ni kuwakumbuka wafu, kazi ambayo Kanisa limeifanya tangu mwanzo wake. Marehemu Askofu Henry Okullu, aliyechunga Dayosisi ya Maseno Kusini hapa Kisumu, hakuona aibu kuunganisha madhabahu na haki ya raia katika siku ambazo kunena hivyo kulikuwa hatari. Sisi tunaonena bila hatari hiyo tuna udhuru gani?

Kazi ya pili ni ya vijana. Mtu aliyekuwa na umri wa miaka 20 siku ile sasa amepita miaka 75. Kila mwezi tunawazika mashahidi. Kaeni nao, waulizeni kwa heshima, rekodini sauti zao, mkaandike tarehe na mahali. Msiwaongezee maneno.

Kazi ya tatu ni ya walimu na wazazi. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ndiyo inayoidhinisha vitabu. Andikeni barua, shule kwa shule, mkidai kwamba matukio ya Kisumu ya 1969, pamoja na ya Wagalla ya 1984 na ya nchi nzima ya 2007 na 2008, yapewe ukurasa kamili katika kitabu cha kila mtoto, wala yasiachwe kwa somo la hiari.

Kazi ya nne ni ya wanaharakati wote. Mtu akipigwa risasi, msiishie kwenye maandamano. Andikeni saa, mahali, namba ya askari ikionekana, na namba ya gari. Mwombeni daktari uchunguzi wa maiti kabla ya maziko. Pelekeni taarifa IPOA, na mbaki na nakala yenye muhuri. Kisha, kwa kutumia haki ya kupata habari iliyo katika Kifungu cha 35 cha Katiba, dai daftari la silaha la siku hiyo.

Kazi hizi ni ndogo na zinachosha, wala hazina makofi. Lakini laiti mtu mmoja angeandika majina yote jioni ile ya tarehe 25 Oktoba 1969, mabishano ya hesabu yasingalidumu zaidi ya nusu karne, na huenda waliofyatua miaka iliyofuata wangalisita. Tuandike sasa, tufundishe sasa. Aliyeuawa ana haki ya jina, na aliye hai ana haki ya kujua.